Kufunga mashine ya kupachika kwenye mashua ya tanga: kupima, kuchagua, kufunga na kujaribu

Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu mwenye boti ya fiba. Ilikuwa ya hp 15, mguu mfupi, inawaka kwa mvuto mmoja, na bei yake ilinifanya nisiulize maswali. Jioni ile ile nikaibana kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma, wa mashua yangu ya futi 20. Wiki iliyofuata tulikuwa tunatoka Ghuba ya Chole, Mafia, kupitia mlango wa Kinasi. Maji yalikuwa yanakupwa kwa kasi, mawimbi ya nje yanaingia kuyapinga. Tezi ikaanza kupanda na kushuka. Kila ilipopanda, propela ilitoka majini ikapiga ukelele. Iliposhuka, ilikuta povu tupu. Haikupita muda mashine ikaacha kukojoa, yaani kutema maji ya kuipoza, ikapata moto, ikazima. Tukapandisha tanga tukarudi tulikotoka.

Mashine haikuwa na kosa. Kosa ni langu, nilinunua kabla ya kupima. Hapa nitafuata mpangilio ambao ningepaswa kuufuata siku ile, yaani chombo kwanza na mashine baadaye. Ninaongelea vyombo vya mbao vya tanga, vya futi 16 hadi 26 hivi, ambavyo siku nyingi huenda kwa upepo na siku chache tu huhitaji kusukumwa.

Mashine unaitaka ya nini

Jibu hili kabla hujaingia dukani. Mwenye chombo cha tanga anahitaji mashine kwa mambo matatu: siku ya shwari, hasa kaskazi ikishakufa na kusi haijasimama, kupita mlango wa mwamba wenye mkondo, na kurudi pwani upepo ukiwa wa mbele na kupiga bisha, yaani kwenda upande upande kuupinga, kutakuchukua mpaka usiku. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mbio. Yote yanahitaji msukumo.

Boti ya fiba ikipewa nguvu ya kutosha hunyanyuka na kuteleza juu ya maji. Mashua hainyanyuki. Inayapasua maji, na mwendo wake wa mwisho unafungwa na urefu wake majini. Hesabu yake ni hii: chukua urefu wa chombo pale kinapogusa maji, kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Unapata mwendo wa juu kwa noti. Mashua yangu ina futi 18 majini. Kipeuo ni 4.24, mara 1.34 ni noti 5.7, yaani kilomita 10 na nusu kwa saa. Ukishafika hapo, chombo kinakuwa kimekaa katikati ya wimbi lake mwenyewe, omo (mbele) juu na tezi chini. Ukiongeza mafuta unaongeza kelele na ukubwa wa wimbi, mwendo unabaki karibu ule ule. Ndiyo maana mtu anafunga hp 40 kwenye mashua halafu analalamika kwamba inameza mafuta.

Pima chombo kikiwa majini

Chagua asubuhi ya maji mafu, bahari imelala. Pakia chombo kama siku ya kazi: watu, nyavu au abiria, nanga, maji ya kunywa, farumi (uzito wa kutuliza chombo) mahali pake. Chukua tepu, timazi na chaki. Unatafuta vipimo vinne.

Cha kwanza ni urefu majini, kutoka omo linapokata maji mpaka tezi linapoyaacha. Cha pili ni upana majini katikati ya chombo. Cha tatu ni kina cha mwili wa chombo chini ya maji, bila kuhesabu mkuku, ule mti wa chini kabisa. Cha nne, ambacho karibu kila mtu hukisahau na ndicho kilichonipeleka pabaya, ni kimo cha tezi: kutoka usawa wa maji mpaka ukingo wa juu wa ubao wa tezi.

Vitatu vya mwanzo vinakupa uzito bila mizani. Zidisha urefu, upana na kina kwa mita, halafu zidisha kwa 0.45, kwa sababu chombo si sanduku, kimechongoka mbele na kulala pembeni. Kwangu: 5.5 mara 1.6 mara 0.4 ni 3.52, mara 0.45 ni karibu 1.6. Kila mita moja ya ujazo wa maji ni tani moja na kidogo, kwa hiyo mashua yangu iliyopakiwa ina tani 1.6 hivi. Si hesabu ya muunda meli, lakini inatosha kununulia mashine.

Nguvu kiasi gani

Kanuni inayofanya kazi kwa vyombo vya namna hii ni hp 4 kwa kila tani. Tani 1.6 zinadai hp 6.4. Mashine ya 6 itakutosha kwenye shwari. Ya 8 itakupa akiba ya kupinga mkondo na mawimbi ya mbele. Ningechukua 8. Ukikuta 9.9 ya bei nzuri, chukua, lakini usidhani umenunua mwendo. Katika mashine nyingi 9.9 na 15 hutumia mwili mmoja na uzito wake ni ule ule, kwa hiyo mwenye 15 hajajitwisha kilo za ziada, ila atakuwa anakunywa mafuta zaidi kila anapouzungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho.

Uzito nao uhesabu. Mashine ndogo ya hp 2.5 ina kilo 13 hadi 17. Ya 4 hadi 6 ya fo-stroki ina kilo 25 hadi 28. Ya 8 ya fo-stroki inakaribia 40. Ya 15 ya tu-stroki iko kwenye 36 hivi, na ya 15 ya fo-stroki huwa kati ya 43 na 52. Weka na galoni la lita 25, kilo 20 kasoro kidogo. Mzigo huo wote unakaa nyuma kabisa, mahali ambapo fundi aliyeunda chombo hakuuwazia. Utahitaji kusogeza farumi mbele, na usishangae ngama, yaani chini ndani ya chombo, ikianza kukusanya maji upande wa tezi badala ya katikati.

Mguu: hapa usikosee

Mashine huuzwa kwa urefu wa mguu: mfupi inchi 15, mrefu inchi 20, mrefu zaidi inchi 25. Kwa sentimita ni 38, 51 na 63. Urefu huo hupimwa kutoka pale klampu inapokaa juu ya ubao mpaka lile bapa la chuma lililolala juu kidogo ya propela. Bapa hilo ndilo la kuangalia. Kazi yake ni kuzuia propela isivute hewa kutoka juu.

Kwenye boti ya fiba bapa hukaa karibu sawa na upande wa chini wa mwili wa boti. Mafundi wengi wamezoea hivyo, na watakuwekea hivyo hivyo usipowaambia. Kwenye chombo cha tanga linatakiwa kuzama sentimita 10 hadi 15 chini ya usawa wa maji chombo kikiwa kimetulia. Sababu yake unaweza kuihesabu. Mashine ya mashua haikai katikati, usukani umepachukua. Tuseme iko sentimita 50 kutoka katikati. Chombo kikilala nyuzi 15 tu, mashine iliyo upande wa joshini, unakotoka upepo, hupanda sentimita 13. Hapo bado mrama. Omo likitumbukia nyuzi 5, tezi ya mashua kama yangu hunyanyuka zaidi ya sentimita 20. Vikikutana viwili hivyo, unasikia ule ukelele nilioueleza.

Sasa rudi kwenye kipimo cha nne. Ukitaka bapa lizame 10 hadi 15, ukingo unaoning'iniza mashine unatakiwa uwe juu ya maji kwa kiasi hiki:

mguu mfupi: sentimita 23 hadi 28
mguu mrefu: sentimita 36 hadi 41
mguu mrefu zaidi: sentimita 48 hadi 53

Tezi za mashua nyingi ziko juu kuliko hapo. Yangu ilikuwa 58. Mguu mfupi wa 38 uliobanwa kwenye kimo cha 58 haukulifikisha bapa majini kabisa. Propela ilikuwa inachungulia maji. Kwa hiyo hata ukinunua mguu mrefu, mara nyingi utahitaji kibao cha nje kilichoshushwa. Lakini usinunue mfupi ukitegemea kushusha kibao mpaka chini: kichwa cha mashine kitakuwa karibu na maji, na wimbi moja la nyuma litakizamisha. Kwa mashua na dau, mguu mrefu ndio wa kuanzia. Ukiupata ule wa inchi 25 kwa hp ndogo, bora zaidi, ila ni adimu madukani kwetu.

Tu-stroki au fo-stroki

Tu-stroki ni zile za kuchanganyia oili kwenye petroli. Ni nyepesi, hazina vitu vingi ndani, na fundi wa kila diko (mahali vyombo vinapotua) anazijua kwa kupapasa. Fo-stroki zina oili yake chini kama gari, hunywa mafuta kidogo zaidi ya theluthi mbili ya zile za kwanza kwa kazi ile ile, na hukuruhusu kuongea na mwenzako. Ni nzito, na hazitaki kulazwa ovyo: ukiilaza upande usiofaa oili inapanda kwenye silinda.

Ushauri wangu hauhusu ipi ni bora. Nenda kwenye diko lako uhesabu. Ikiwa mashine 20 zilizopo pale 18 ni za aina moja, nunua hiyo. Siku impela, kile kipanga cha pampu ya maji, ikikatika utaazima ya jirani, hutasubiri kifurushi cha Dar es Salaam au Mombasa.

Propela

Kwenye kila propela kuna namba mbili, kwa mfano 9¼ × 10. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni hatua: inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Mashine nyingi za hp 9.9 na 15 hupunguza mizunguko kwenye gia kwa takriban mara 2.08. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, propela inazunguka karibu 2,400. Kwa hatua ya inchi 10 hiyo ni propela inayotaka kwenda noti karibu 20. Mashua yako inaenda 5.7. Tofauti yote inageuka povu, na mashine inanguruma bila kufikia mizunguko yake, plagi zinajaa masizi.

Mwambie muuzaji unataka hatua ndogo kabisa inayoingia kwenye mashine hiyo, inchi 7 au 8, na kipenyo kikubwa kadiri bapa linavyoruhusu. Zipo hata zenye mapanga manne kwa kazi hii. Kubadilisha propela ni bei ndogo, na tofauti yake utaiona siku hiyo hiyo kwenye mkondo. Wengi hawafanyi, wanaishi na ile ya kuteleza iliyokuja na mashine.

Ukinunua iliyotumika

Ikute ikiwa baridi. Mwenyewe akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi kesho. Fungua skrubu ya chini ya gia na uangalie oili: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Chomoa plagi, vuta kamba ukiwa umeziba tundu kwa kidole gumba. Kidole kisukumwe kwa nguvu, na kwa mashine ya silinda mbili, zote zisukume sawa. Shika propela uitikise juu na chini, isicheze. Angalia zinki, lile donge la kijivu linaloliwa na chumvi badala ya mashine. Ikiwa limekwisha kabisa, jua mwili wenyewe umekuwa ukiliwa. Kisha iwashe kwenye pipa la maji na uhakikishe inakojoa mkojo mnene, usiokatika. Soma namba ya mashine na uombe risiti. Mashine za wizi huzunguka sana pwani hii na huwa za bei nzuri.

Mahali pa kuifunga

Mashua ina ubao wa tezi ulio bapa, na katikati yake kuna usukani. Mashine itakaa kulia au kushoto kwake. Geuza kana (mpini wa usukani) mpaka mwisho pande zote mbili na upime ubapa wa usukani unafika wapi. Propela ikae nje ya hapo kwa upana wa kiganja. Usukani wa sentimita 50 ukigeuzwa nyuzi 40 unafagia sentimita 32 pembeni. Ongeza 12 za nusu ya propela na nafasi kidogo, ndipo nilipopata zile 50.

Kulia au kushoto? Angalia unapotoa nyavu au unapopandishia abiria, weka upande mwingine. Angalia pia mkono wa anayevuta kamba: anahitaji nafasi ya mkono mzima nyuma yake, bila uso wa mtu. Ujue kwamba mashine ikiwa kulia, chombo kitakata kushoto kwa wepesi na kulia kwa uvivu. Ukishalijua hilo, unapanga unavyokaribia gati.

Dau lililochongoka pande zote mbili halina ubao wa kubania. Hapo watu hulaza boriti kutoka ubavu mmoja hadi wa pili karibu na tezi, wakaitokeza nje, na kwenye ncha wakashusha kibao chenye mkono wa kukikaza chini yake ubavuni. Inafaa, ila boriti ifungwe pande zote mbili, kwa sababu mashine inaisukuma mbele wakati wa kwenda na inaivuta nyuma unapoweka rivasi. Ngalawa hufanywa vivyo hivyo kwa kamba, kati ya mwili na ndubi, ule mti wa pembeni unaoelea. Usizidishe hp 5 kwenye ngalawa. Ni mti uliochongwa, na mrengu unaoshika ndubi haukutengenezwa kuvumilia mtikisiko wa saa nzima.

Kibao cha nje, hatua kwa hatua

Kukata pengo kwenye ubao wa tezi kunaonekana rahisi, na kwa boti ya fiba ndivyo inavyokuwa. Kwenye mashua unakata ubao unaozishika mbavu mbili pamoja, kisha unalifungulia mlango wimbi la nyuma. Mimi nilitengeneza kibao cha nje. Mzee aliyenifanyia kazi aliniuliza swali moja kabla hajagusa msumeno: "Mwanangu, ikiinuliwa kichwa chake kinakwenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kadibodi. Kunjua boksi la friji, laza mashine juu yake, chora umbo lake lote kwa ubavu, kata. Toboa pale klampu inapokaa. Pigilia umbo hilo pembeni ya chombo kwa msumari mmoja, kwenye kimo ulichokokotoa, kisha lizungushe kama mashine inavyoinuliwa. Utaona mara moja: kibao kikiwa kimeshushwa na kiko karibu na tezi, kichwa cha mashine kinagonga ubao wa tezi kabla propela haijatoka majini. Sogeza msumari nje kidogo kidogo mpaka kichwa kipite. Kwangu ilikuwa sentimita 24 kutoka kwenye tezi. Hicho ndicho kipimo cha mikono ya kibao.

Kibao chenyewe kiwe mninga, mvule au mtiki, unene sentimita 4 hadi 5. Pima mdomo wa klampu kwanza, kila mashine ina kikomo chake. Upana sentimita 35, kimo 40. Mikono miwili inayokishika itafutwe kwenye mti uliopinda wenyewe, kama fundi anavyotafuta mataruma (miti ya mbavu za chombo), ili nyuzi za mti zifuate kona. Mkono uliokatwa kwenye ubao ulionyooka utapasuka pale pale kwenye pembe.

Ndani ya tezi weka ubao wa pili, mpana, unaofika kwenye taruma pande zote mbili. Huu ndio unaobeba kazi. Mbao nyingi za mashua ni za mwembe, na mwembe ni laini. Bolti ikishikwa na ubao wa tezi peke yake itazama siku baada ya siku mpaka washa ije upande wa pili.

Toboa kwa drili ya mkono au keekee, tundu lilingane na bolti, si kubwa zaidi. Bolti tatu kila mkono, milimita 10 au 12, za stenlesi au zilizochovywa zinki ya moto. Zile zilizopakwa rangi ya kung'aa tu zitakuwa kutu kabla ya Ramadhani ijayo. Epuka shaba na nyaya zake karibu na mwili wa mashine: alumini, shaba na maji ya chumvi vikikutana, alumini ndiyo inayoliwa. Kabla ya kupitisha bolti, pakaza tundu sifa (mafuta ya papa) au mafuta ya nazi. Zungushia pamba iliyolowekwa humo chini ya washa ya nje, au tumia gundi ya kuzibia ya dukani kama unayo. Washa ziwe pana kama sarafu kubwa kuliko zote ulizowahi kushika. Kaza kidogo kila bolti kwa zamu, usimalize moja ndipo uende nyingine.

Juu ya kibao, upande unaotazama tezi, pigilia bapa la stenlesi au la alumini pale skrubu za klampu zinapouma. Mti mtupu huliwa na skrubu, na skrubu iliyojichimbia shimo huonekana imekaza wakati inacheza.

Kuifunga mashine

Inyanyueni watu wawili, chombo kikiwa kwenye mchanga maji yamekupwa, si kikiwa kinaelea. Ishushe katikati ya kibao, kaza skrubu za klampu kwa mkono, halafu pitisha bolti mbili za milimita 8 kwenye matundu ya mabano kama mashine yako inayo. Skrubu peke yake hulegea kwa mtikisiko. Kila diko lina hadithi ya mashine iliyoruka.

Kisha kamba ya usalama: waya au kamba nene kutoka kwenye mwili wa mashine mpaka kwenye pete iliyofungwa kwenye taruma. Usiifunge kwenye kibao. Kibao kiking'oka, kitaondoka na vyote.

Rekebisha pini ya mwinamo. Propela ikae wima, msukumo uende sambamba na maji. Tezi ya mashua imelala kidogo, kwa hiyo tundu la pili au la tatu ndilo litakalofaa, si lile la mwanzo. Pima kwa timazi chombo kikiwa kimeelea.

Mwisho, kaza skrubu ya msuguano ya mashine mpaka ikae imenyooka yenyewe. Mashua uiongoze kwa kana. Kugeuza mashine kwa mkono kuache kwa ajili ya kona za bandarini.

Mafuta

Kwa tu-stroki, soma maandishi kwenye mashine yenyewe. Kama ni 50 kwa 1, lita 25 za petroli zinataka mililita 500 za oili. Kama ni 100 kwa 1, mililita 250. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, si ya pikipiki. Mashine mpya huwa na mchanganyiko mzito zaidi kwa saa 10 za mwanzo, mara nyingi 25 kwa 1. Tia oili na petroli kidogo kwanza, tikisa, ndipo ujaze.

Galoni lifungwe lisitembee, na likae mbali na jiko. Naliandika hili kwa sababu tunapika vyomboni, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unashuka kwenye ngama na kukaa humo ukisubiri kaa la moto. Siku ya mashine kuwemo, wali upikwe pwani au jiko likae omoni, na ngama ipate hewa.

Hesabu ya safari ni theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi.

Siku ya kujaribu

Usianze na safari. Funga chombo kwa kamba kwenye nanga mbili, maji ya kifuani. Washa, subiri mkojo, acha inguruma dakika 10. Weka gia, ongeza kidogo, halafu nenda ndani uangalie ule ubao wa pili na bolti zake kwa tochi. Ukiona maji yanatiririka, zima, kausha, kaza. Ukiona ubao unapumua, yaani unakwenda na kurudi, kazi irudiwe.

Kisha toka. Kwa simu yenye GPS pima mwendo kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, jumlisha, gawanya kwa mbili, mkondo unajifuta. Ukipata noti 5 kwa robo tatu ya mkono wa mafuta, umefunga vizuri. Ukihitaji mkono mzima, angalia propela. Jaza galoni mpaka alama, endesha saa moja, jaza tena kwa chupa ya kipimo: hiyo ndiyo namba yako ya mafuta, ya dukani isahau.

Jaribu pia ukiwa na tanga. Upepo ukiwa wa kutosha, zima mashine na uinyanyue, kwa sababu propela inayoburutwa inakula mwendo wako. Ukitaka kutumia vyote viwili kwenye upepo mwembamba, hakikisha mashine iko upande wa demani, unakokwenda upepo. Ikiwa joshini, punguza mafuta au legeza kamba ya demani inayoshika tanga ili chombo kisimame wima. Na kamba nyekundu ya kuzimia ivaliwe mkononi, tanga likiwa juu hasa, kwa sababu nahodha aliyeanguka hawezi kukifikia chombo chenye tanga na mashine kwa pamoja.

Kabla ya kukata au kutoboa chochote, kama chombo kimesajiliwa au kinabeba abiria, pitia ofisi inayokagua vyombo: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar) kwa Zanzibar, KMA (mamlaka ya bahari ya Kenya) kwa Kenya. Mkaguzi anayekuta mashine ambayo haimo kwenye karatasi anaweza kukusimamisha pwani msimu mzima wa wageni.

Ukirudi, iendeshe dakika 5 ndani ya pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi, ili chumvi itoke, ichomoe mpira wa mafuta ikiwa bado inanguruma na uiache ijizimie yenyewe, kabureta ibaki kavu. Baada ya saa 10 za mwanzo rudi na spana kwenye bolti zote sita. Mbao mpya husinyaa. Zangu zilikubali nusu mzunguko kila moja, na ile ya chini kushoto ikakubali mzunguko mzima.